Damu haipandi? Pima figo

Juzi mzee mmoja, kuli wa zamani bandarini, aliletwa na bintiye kwenye kliniki yangu hapa Mbaraki. Viganja vimepauka, na kila ngazi ilimkata pumzi. Miezi mitatu alikuwa akinywa maji ya bitiruti, supu ya maini na vidonge vya madini ya chuma. Damu haikupanda. Nilipompima figo, nikajua kwa nini.

Wengi hudhani damu hutoka kwenye chakula moja kwa moja. La hasha. Chembechembe nyekundu hutengenezwa katika uboho wa mifupa, na zile changa hazikui mpaka zipate amri. Amri hiyo ni homoni iitwayo erithropoietini, na mtumaji wake mkuu ni figo. Homoni haiingii ndani ya chembe. Hubisha hodi tu kwenye vipokezi vilivyo juu ya utando wake. Vipokezi viwili vikishikwa pamoja, vimeng'enya viitwavyo JAK2, ambavyo hukaa upande wa ndani, huamshana, kisha humwamsha mjumbe aitwaye STAT5. Naye hukimbilia kwenye kiini na kuwasha jeni zinazoiamuru chembe isife, izaane. Pasipo hodi, chembe hujifia kimya kimya. Figo zikiharibiwa na presha au kisukari, hodi hupungua, hata ule maini kila siku.

Homoni hii hutengenezwa viwandani na imekuwa ikitumiwa kama sindano tangu mwisho wa miaka ya 1980. Inanikera kwamba Wakenya wengi waliijua kwa kashfa za riadha, kama ile ya Rita Jeptoo mwaka 2014, kuliko kwa wagonjwa inaowafaa. (Mwenye afya akijidunga, damu huwa nzito na yaweza kuganda.) Kwa maoni yangu, kumsafisha mgonjwa damu kwa mashine na kumnyima sindano hii anapoihitaji ni kazi nusu. Kumwongezea damu mara kwa mara si badala yake, kwani mwili huweza kutengeneza kinga zitakazoikataa figo ya kupandikizwa.

Basi ukiwa na presha au kisukari na damu haipandi, mwombe daktari apime kreatinini kabla hujanunua chupa nyingine ya dawa ya damu.

Mzee wetu ameanza sindano. Vidonge vya chuma hatukumwachisha, maana hodi bila chuma haifui dafu. Presha yake tunaipima kila wiki, kwa kuwa sindano yenyewe huweza kuipandisha.