Mshale na Kitenzi: Maoni kuhusu Istilahi za Uhusiano katika Michoro ya Taasisi

Usanifu wa taasisi ni fani inayoeleza shirika zima, yaani watu, kazi na mitambo yake ya kompyuta, kwa njia ya michoro. Vijenzi huwekwa katika visanduku, na uhusiano baina yao huonyeshwa kwa mishale. Programu ya Archi, kwa mfano, humwezesha msomaji kuchagua kijenzi kimoja na kuona vyote vinavyohusiana nacho. Maoni yetu ni kwamba uundaji wa istilahi za Kiswahili umejishughulisha mno na majina ya visanduku, ambayo ni nomino, ukaisahau mishale, ambayo kwa hakika ni vitenzi.

Tuchukue mfano wa Bandari ya Tanga. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na gati kwa uhaba wa kina, na shehena ikavushwa kwa matishari. Upanuzi ulioanza mwaka 2019 uliongeza kina hadi mita 13, na meli zikaweza kufunga gatini. Katika mchoro wa bandari hiyo, meli, gati na ghala vimebaki vilevile. Kilichobadilika hasa ni uhusiano. Mshale unaofutwa baina ya meli na tishari unagusa riziki ya waliofanya kazi humo, nao wana haki ya kuusoma mchoro huo kwa lugha yao.

Lugha ya michoro iitwayo ArchiMate ina aina 11 za uhusiano. Mmojawapo uliitwa, kwa kauli ya kutendwa, "kutumiwa na". Toleo la 3.0 la mwaka 2016 lililibadili jina hilo kuwa "kuhudumia", ili kitenzi kifuate uelekeo wa mshale. Kiswahili kina nyenzo ya kulieleza jambo hili kwa mzizi mmoja: meli hutumia tishari, tishari hutumiwa na meli, tishari hutumikia meli. Viambishi ndivyo vinavyogeuza mshale. Vivyo hivyo, pakia na pakua hutofautiana kwa uelekeo tu, na gati na ghala vinavyotegemeana vyataka mshale wenye ncha mbili.

Huenda ikadaiwa kwamba "kutumikia" kunanukia utumwa, hivyo "kuhudumia" kunafaa zaidi. Dai hilo lina uzito panapohusika watu. Hata hivyo, kwa mitambo na vyombo, kuuacha mzizi -tum- ni kumnyima msomaji ulinganifu unaomwonyesha nani hutoa na nani hupokea.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba BAKITA na idara za Kiswahili vyuoni, ziandaapo istilahi za fani hii, zianze na vitenzi vya uhusiano pamoja na minyambuliko yake, kisha ndipo zitafute majina ya vijenzi.