"Ikishatoka Mkononi Mwangu Si Yangu"? Acha Mchezo, Bana

Wacha niseme mapema ili wa kukasirika wakasirike mapema. Ukiuza kamera ya laki na ushee, ukaipakia kwenye basi la usiku bila bima, halafu ikifika imepasuka ukamwambia mnunuzi "ikishatoka mkononi mwangu si yangu," wewe si mfanyabiashara. Wewe ni mcheza kamari, na pesa unazochezea ni za mtu mwingine.

Ndiyo, nimesema. Sasa tuongee.

Huku kwetu, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, kila mwenye kamera anaijua kalenda. Desemba pesa iko: harusi, villa za Watamu, watu wa kaiti kule Mambrui, sherehe za mwaka mpya Kilifi. Halafu masika yanaingia, Aprili hadi Juni, wageni wanapotea, hoteli nyingine zinafunga kabisa, na mwenye nyumba hajali habari za masika, anataka kodi yake. Hapo ndipo vifaa vinaanza kuuzwa. Leo lenzi, wiki ijayo droni, mwezi ujao bodi yenyewe.

Na mnunuzi mara nyingi yuko Nairobi. Pesa inaingia kwa M-Pesa, boksi linapanda tuktuk hadi ofisi ya basi, basi linaondoka jioni. Kutoka Malindi mpaka Nairobi ni kama kilomita 600. Swali langu ni moja tu: ndani ya hizo kilomita 600, ile kamera ni ya nani?

Uliza muuzaji, atakwambia ni ya mnunuzi, ashalipa. Uliza mnunuzi, atakwambia ni ya muuzaji, mimi sijaiona. Uliza mwenye basi, atakuonyesha risiti. Na chini kabisa ya risiti, kwa maandishi madogo ambayo hata lenzi ya makro inayatafuta, utasoma maneno matatu ya Kizungu: at owner's risk. Yaani ikipotea, ikilowa, ikikaliwa na gunia la maembe, shauri ya mwenyewe. Mwenyewe nani? Ndiyo hapo vita vinaanza.

Nimeona urafiki wa miaka ukifa kwa sababu ya lenzi moja ya 70-200 iliyofika pete imepinda. Muuzaji akasema niliituma nzima. Mnunuzi akasema nimeipokea mbovu. Wote wawili walikuwa wanasema kweli! Mwongo hakuwepo. Kilichokosekana ni karatasi moja ambayo ingewagharimu pesa ndogo tu.

Sheria yenu ya kujifichia ina sentensi ya pili

Kuna wajuaji mitandaoni wanapenda kusema "sheria inasema mzigo ukishakabidhiwa gari ni wa mnunuzi." Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kozi yenyewe haikuwa ya uwakili. Lakini kusoma najua.

Sheria wanayoisema ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31. Ilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 1931. Ni ya mkoloni, na mama yake ni sheria ya Uingereza ya 1893. Na ni kweli, inasema kwamba msipokubaliana vingine, kumkabidhi msafirishaji mzigo kunahesabiwa kama umemkabidhi mnunuzi mwenyewe.

Wajuaji wanaishia hapo. Endelea kusoma, ndugu yangu. Inasema pia muuzaji lazima afanye na msafirishaji makubaliano yanayofaa kulingana na aina ya mzigo. Asipofanya hivyo, na mzigo ukapotea au ukaharibika njiani, mnunuzi ana haki ya kukataa kuhesabiwa kwamba amekabidhiwa, au kumdai muuzaji fidia.

Sasa niambie. Gunia la nazi kulituma kwa risiti ya "shauri yako" labda linafaa. Kamera yenye vioo ndani, ya shilingi 130,000, kuituma kwa risiti hiyohiyo ya nazi, hayo ni makubaliano yanayofaa? Kasimame mbele ya hakimu umwambie hivyo, tukuskie.

Na kitu kinachoniudhi zaidi ni hiki. Waingereza wenyewe, walioipika ile sheria, kwa mteja wa kawaida wameshaiacha. Kwa Sheria yao ya Haki za Watumiaji ya 2015, mfanyabiashara akimuuzia mtu wa kawaida, hatari ya mzigo inabaki kwa mfanyabiashara mpaka mteja aushike mkononi. Wao wamesonga. Sisi bado tunapigana na kanuni ya mwaka 1931 kwenye inboksi.

Ile stika ya kioo cha basi si yako

Wengine wanajipa moyo: "Basi lina bima, nimeona stika." Hapana. Bima ambayo gari lazima liwe nayo kwa sheria ya Sura ya 405 ni ya watu wanaoumia au kufa kwa sababu ya gari lile. Kamera yako si mtu. Basi likipinduka huko Mackinnon Road, Mungu aepushe, stika ile haihusiki na boksi lako hata kidogo.

Bima ya boksi ni kitu kingine kabisa: bima ya mizigo safarini. Unainunua mwenyewe kwa kampuni ya bima au wakala wake, au unailipia kwa kampuni ya parseli kama inayo. Tatizo ni kwamba usipouliza, hakuna atakayekwambia.

Na sisi pia tuache uongo wa kaunta

Karani anauliza: "Ndani mna nini, thamani ngapi?" Msee mwenye Sony A7 III ndani anajibu kwa utulivu wote: "Andika tu vifaa, elfu tano."

Najua kwa nini. Ada isipande. Tena kuna hofu ya kweli: ukisema kamera, kuna mikono itawasha. Hofu hiyo siidharau. Lakini fikiria umefanya nini. Umeandika kwa mkono wako kwamba mali yako ni shilingi 5,000. Ikipotea, hata ukikutana na kampuni yenye roho ya malaika, itakulipa 5,000. Umejiibia kabla mwizi hajafika.

Kwenye bima yenyewe ni hivyohivyo. Mikataba mingi ina kanuni ya bima pungufu. Tuseme kamera ni ya 130,000, wewe umeikatia bima ya 65,000 ili ulipe kidogo. Imefika na uharibifu wa 40,000. Unadhani utapata 40,000? Utapata 20,000, kwa sababu uliikatia nusu, na nusu nyingine ulikubali kuibeba mwenyewe. Na ukizidisha thamani haikusaidii pia. Bima inakurudisha ulipokuwa, haikutajirishi. Kamera iliyotumika inalipwa bei ya iliyotumika.

Dawa ya mikono inayowasha ni rahisi: nje ya boksi usiandike kitu cha kuvutia macho. Thamani halisi iandikwe kwenye fomu. Boksi linyamaze, karatasi iseme.

Najua mtakachosema

"Bima hawalipi." Kuna madai yanayokataliwa kwa ubabe, hilo silipingi. Lakini mengine yanakataliwa kwa sababu mtu hana kitu mkononi. Hana picha ya nambari iliyochongwa chini ya bodi, hana risiti, hana video ya kufunga. Kafunga lenzi kwa fulana ya zamani na gazeti, halafu anataka kulipwa. Mzigo uliofungwa vibaya kampuni inaruka. Na usiichanganye bima ya safari na ugonjwa wa lenzi. Ukungu ndani ya kioo, hii hewa yetu ya bahari inavyoleta, haukuzaliwa kwenye basi. Ulikuwa nao Malindi, utafika nao Nairobi, na hakuna bima ya safari itakayoulipa. Useme kabla ya kuuza.

Ukiwa na ushahidi na bado unazungushwa, kuna Mamlaka ya Kudhibiti Bima, wanapokea malalamiko. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Kamera yako inaingia humo vizuri sana.

"Bima ni haramu." Hili naliheshimu, nimelelewa mtaa ambao linasemwa. Lakini takafuli ipo Kenya, kampuni ilipewa leseni tangu 2011: watu wanachangia mfuko, mwenye kupata msiba anasaidiwa nao. Na wazo lenyewe si geni kwenye bahari hii. Karne nyingi zilizopita, mafakihi waliandika juu ya shehena inayotupwa baharini dhoruba ikichafuka ili jahazi lisizame, na namna wenye mali waliosalimika wanavyogawana hasara na aliyetupiwa yake. Babu zetu wa majahazi walijua kwamba hasara ya safari haiachiwi mtu mmoja. Sisi wa basi lenye WiFi ndio tumesahau.

"Mimi nitaipeleka mwenyewe." Sawa kabisa! Kama ni seti nzima ya laki nne, nauli ya kwenda na kurudi na usiku mbili bila usingizi ni bima nzuri tu. Lakini usiniambie kila lenzi ya elfu thelathini utaisindikiza kama bibi harusi.

Ninachotaka mimi

Msimamo wangu hauna kona: anayeuza kifaa cha bei abebe hatari mpaka mnunuzi afungue boksi. Si kwa sababu sheria ya 1931 inamlazimisha. Ni kwa sababu yeye ndiye anayechagua boksi, anayefunga, anayechagua gari na anayejaza fomu. Mnunuzi yuko Rongai anashika simu tu. Huwezi kushika usukani halafu ajali iwe ya abiria.

Gharama ya bima gawaneni. Tuseme, kwa mfano tu, umetajiwa shilingi moja kwa kila mia: kamera ya 130,000 bima yake ni 1,300, kila mtu 650. Mnunuzi anayeshindwa na 650 kulinda laki na thelathini, mwogope. Muuzaji anayeshindwa, mwogope mara mbili.

Na kabla pesa haijatumwa, ujumbe kama huu uende WhatsApp na ujibiwe "nimekubali":

"Nakuuzia kamera hii, nambari hii, imepiga picha kadhaa, kasoro zake ni hizi. Naituma kwa bima ya thamani kamili, tunagawana gharama. Ikipotea au ikivunjika njiani, hasara ni yangu na mimi ndiye nitakayedai. Ukipokea, rekodi video ukifungua, unijulishe ndani ya saa 24. Baada ya hapo ni yako."

Dakika mbili kuandika. Kukosa dakika hizo mbili ndiko kunaleta zile posti za "mwizi huyu" na picha ya uso wa mtu.

Na nyinyi wa kampuni za parseli, msidhani mmeponea. Leseni ya kubeba vifurushi mnapewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Basi Mamlaka iwaambie hivi: kaunta yoyote inayoandika "shauri ya mwenyewe" iandike pia, kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili, bei ya kutofanya iwe shauri ya mwenyewe. Karani aulize kila mteja: "Unataka bima au hutaki?" Akikataa, atie sahihi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na huduma anayonunua, na haki ya fidia huduma ikiwa na kasoro inayomtia hasara. Mzee wa Kaloleni anayemtumia mtoto wake redio ana haki hiyo sawa na mimi na kamera yangu. Kumpa karatasi ya Kizungu chenye herufi za sisimizi si kumpa habari.

Mpaka hilo lifanyike, tuanze na sisi wenyewe. Ukiona mtu anauza kifaa mtandaoni, kabla hujauliza "bei ya mwisho ngapi," muulize "inakuja na bima?" Akikujibu "we tuma tu pesa, Mungu atasaidia," mwambie Mungu amekwisha kukusaidia: amekupa akili ya kumkataa.