Onyo la Dhoruba Liseme Lugha ya Wavuvi

Mimi mtoto wa pwani neno hili limenikera siku nyingi. Idara ya Hali ya Hewa hutuonya juu ya upepo unaozidi noti 25. Haya, noti ni nini kwa mvuvi wa ngalawa? Kumbe ni kama kilomita 46 kwa saa! Si aambiwe tu kwamba kusi itachafua bahari na mwenye chombo kidogo asitoke?

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipotukaribia, serikali yetu ilisimamisha uvuvi na kuogelea. Kikatua Mafia, Tanzania, tarehe 4. Basi wengine wakaanza: “Ah, mbona hakikuja kwetu?” Jamani! Walitaka kije ndipo waamini?

Chamchela ya maji nayo ni hatari, maana huning’inia ghafla kutoka wingu zito kama mkonga wa ndovu, wala haingojei taarifa ya habari ya saa moja. Nahodha akiiona aikwepe kwa pembeni, asishindane nayo mbio.

Naomba vikundi vya wavuvi viandike onyo ubaoni kabla ya alfajiri, kwa Kiswahili. Tena wapandishe bendera nyekundu, hata asiyejua kusoma aione.