Deni la Dukani na Swali la Wakili



Ndugu zetu, wapo wafanyabiashara wadogo wa Nchelenge na Kashikishi wanaoacha deni lao lipotee kwa kudhani kwamba mahakamani hakuendeki bila wakili, na mawakili wako mijini. Wakipiga hesabu ya nauli, ada na siku za kufunga duka, wanaona heri wasamehe. Kusamehe ni jambo jema, lakini huko si kusamehe, ni kukata tamaa.

Sisi tunaona hofu hiyo haina msingi. Hapa Zambia, katika mahakama za kienyeji, zile zinazoamua ndoa, mirathi na madeni ya vijijini, wakili haruhusiwi kumsemea mtu. Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya 1992 (ikachukua zaidi ya miaka 10 kufunguliwa!), nayo inataka wenye shauri waseme wenyewe. Mwanasheria yumo, ila amekaa kwenye kiti cha kuamua. Mahakama hiyo haiko kila wilaya, basi muulizeni karani wa mahakama iliyo karibu nanyi deni lenu lipelekwe wapi.

Wenzetu wamechukua njia nyingine. Tanzania ilikuwa ikiwazuia mawakili katika mahakama za mwanzo, mpaka 2021 ilipowaruhusu pale anapokaa hakimu mkazi. Kenya ilitunga sheria yake 2016. Madai yasizidi shilingi 1,000,000 na hukumu itoke ndani ya siku 60, lakini mawakili huonekana humo. Sisi tunapenda zaidi mlango wa Zambia. Mwenye genge akimkuta wakili wa muuzaji wa jumla upande wa pili, atanyamaza hata kama haki ni yake.

Hata hivyo tusijidanganye. Kampuni kubwa humtuma mfanyakazi aliyezoea mahakama, mwenye faili mkononi. Wewe una nini mkononi? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Watoto wetu wanaihifadhi madrasa, nasi tunatoa magunia ya chisense kwa mdomo tu! Zaidi sana ziwa linapofungwa kwa uvuvi, Desemba mpaka mwisho wa Februari, ambapo unga, mafuta na nyavu hutolewa kwa ahadi ya "ziwa likifunguliwa." Ziwa likifunguliwa, kila mmoja anakumbuka bei yake.

Daftari la shule linatosha: tarehe, kiasi, bei, siku ya kulipa, sahihi au dole gumba, majina ya mashahidi wawili. Ujumbe wa simu wa malipo usifutwe.

Wakili ana mahali pake. Shauri likikatiwa rufaa, au likigusa hati ya kiwanja, mtafuteni. Na mdaiwa akiwa ng'ambo, Pweto au Kilwa ya Kongo, hukumu ya Zambia haivuki ziwa yenyewe. Hilo la kuuliza kabla ya kumpa mtu mzigo. Kwa ushauri wa kawaida wapo wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2021.

Kina mama na kina baba, kijana wenu wa shule anaweza kulianza daftari hilo leo baada ya Isha. Mpeni kalamu.