Anasomea Biashara, Amekatazwa Kuifanya

Katika familia nyingi za mjini kuna imani isiyohojiwa: mtoto akimaliza masomo hapa, na wazazi wana uwezo kidogo, apelekwe Uingereza akasomee biashara. Haijalishi chuo gani, wala biashara ipi. Akirudi, kampuni zitamgombania, na zisipomgombania atafungua yake. Kwa imani hii watu wameuza viwanja na kumaliza mafao ya ustaafu, na bado ukifika msimu wa maonyesho ya vyuo vya nje katika hoteli za Dar es Salaam, kumbi hujaa.

Nasema wazi: kwa walio wengi, hiyo ni fedha iliyotupwa.

Tuanze na jambo ambalo mawakala wa vyuo hulipitia harakaharaka. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza humruhusu anayesoma shahada kuajiriwa kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kujiajiri ni marufuku. Kufanya biashara ni marufuku. Kijana aliyetumwa kujifunza biashara anaishi mwaka mzima mahali ambapo masharti ya viza yake yanamzuia hata kukaanga sambusa akawauzia wenzake wa bwenini kwa faida. Anachoruhusiwa ni kuuza nguvu zake: kupanga bidhaa usiku kwenye supamaketi, kuosha vyombo, kuwahudumia wazee katika nyumba za kulelea. Ni kazi halali, sizidharau. Ila kubeba na kupanga mizigo hata Kariakoo kupo, na hakuna anayekudai ada ili ubebe.

Ada yenyewe si ya mchezo. Shahada ya uzamili ya biashara katika chuo cha kawaida tu mara nyingi huanzia pauni 15,000, karibu shilingi milioni 50. Ongeza tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, ada ya viza na nauli. Kisha kuna fedha ya kujikimu, ambayo lazima ionekane benki kwa siku 28 mfululizo. Hapo ndipo shangazi na wajomba huombwa akiba zao zikae kidogo kwenye akaunti ya kijana, na siku ya 29 kila mmoja anakuja kuchukua chake. Kijana anapanda ndege na viza halali na mfuko mtupu.

Kwa nini vyuo vya huko vinatutafuta kwa bidii namna hii? England imemwekea mwanafunzi wake wa nyumbani kikomo cha ada ya shahada ya kwanza: pauni 9,250 kuanzia 2017, ikapandishwa hadi 9,535 mwaka wa masomo wa 2025. Mgeni hana kikomo. Na somo la biashara halihitaji maabara, wala kemikali, wala hospitali ya kufundishia. Ukumbi, projekta na mhadhiri vinatosha kuhudumia watu mia mbili. Wakala anayekupa ushauri bila malipo hulipwa kamisheni na chuo kwa kila kichwa anachokipeleka. Ikiwa kuna biashara inayofanyika hapo, muuzaji ni chuo na mteja ni baba yako.

Je, anarudi na nini? Insha kuhusu Tesco na Apple, na jedwali la uwezo na udhaifu wa kampuni ambayo hatafanya nayo kazi maisha yake yote. Katika baadhi ya madarasa hayo hufundishwa pia habari za M-Pesa, huduma iliyoanzia Kenya mwaka 2007. Yaani analipa mamilioni aelezwe jinsi mama yake anavyomlipa dereva wa bodaboda.

Wasichoweza kumfundisha ni mali kauli. Mfanyabiashara wa Songea anapokuja Kariakoo kuchukua mzigo bila kulipa, mara nyingi hakuna mkataba unaowekwa mezani wala benki inayoulizwa. Kuna jina lake, jina la aliyemtambulisha, na kumbukumbu ya mwenye duka kuhusu namna alivyolipa mzigo uliopita. Bidhaa nyingi hufika mikoani kwa njia hiyo. Atakayetaka kuuza biskuti au vitenge nchi hii lazima ajue nani hukopeshwa, nani hakopeshwi na kwa nini, na ajue kuwa anayechelewa kulipa baada ya mavuno si tapeli, bali anayechelewa bila kupiga simu ndiye wa kuogopa. Elimu hii ina kanuni zake, ina waliofeli na waliofaulu, na haifundishiki Birmingham. Kadhalika makadirio ya kodi ya TRA. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023 wakilalamikia kodi, hadi Waziri Mkuu akaenda kuwasikiliza, na walipofunga tena Juni 2024, lile lilikuwa somo la uhusiano wa biashara na dola. Aliyekuwapo alijifunza kitu.

Nitaambiwa: mbona tajiri Reginald Mengi alisoma Uingereza? Alisoma, lakini uhasibu, taaluma yenye mitihani inayotambulika kokote. Alirudi mwaka 1971 akafanya kazi ya ukaguzi wa hesabu kwa miaka mingi, akichungulia vitabu vya kampuni za hapa, kabla hajaanza kuunganisha kalamu nyumbani kwake. Na bilionea Mohammed Dewji, aliyesoma Georgetown, Marekani? Alirudi kwenye kampuni ambayo baba yake alikwisha kuijenga. Kama baba yako anayo kampuni ya namna hiyo, makala haya hayakuhusu. (Tajiri Bakhresa simtaji kwa makusudi. Mfano wa aliyeacha shule umetumiwa vibaya vya kutosha, nami sipingi shule.)

Mfano wangu ni Mkenya James Mwangi: shahada ya biashara ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na CPA ya Kenya. Mwaka 1993 alijiunga na Equity, ambayo leo ni benki lakini wakati huo ilikuwa taasisi ndogo ya mikopo ya nyumba iliyofilisika kihesabu. Aliiinua kwa wateja ambao benki kubwa zilikuwa zikiwafukuza mlangoni: wakulima wadogo, wenye vibanda, mama wa sokoni. Aliwajua kwa sababu alitoka kwao.

Hoja inayobaki ni ya kujuana na watu. Sawa, watu atajuana nao, lakini katika shahada hizi za mwaka mmoja wengi darasani ni wageni kama yeye, kutoka China, India na Nigeria, kila mmoja akiwaza viza yake. Muda wa kubaki baada ya masomo nao unapungua: viza ya wahitimu iliyoanza 2021 kwa miaka miwili itakuwa ya miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027.

Waingereza wenyewe hawaamini kwamba biashara husomwa kabla ya kufanya kazi. Shule zao kubwa za biashara humtaka mwombaji wa MBA awe na uzoefu wa miaka kadhaa kazini. Ufadhili wa Chevening, unaotolewa na serikali yao, hudai angalau saa 2,800 za kazi, sawa na miaka miwili, na humtaka mhitimu arudi nchini mwake akae miaka miwili mingine. Mwenye fedha yake ndivyo anavyoitumia. Sisi tunaokopa tunampeleka kijana ambaye hajawahi kuandika risiti.

Basi mzazi, kabla hujaweka nyumba rehani, mwache kijana aajiriwe kwanza, hata kwa mshahara mdogo, kwenye duka la jumla, ofisi ya forodha au SACCOS. Jioni ajiandae kwa mitihani ya uhasibu ya NBAA. Baada ya miaka mitatu, kama bado anataka kwenda, atajua anafuata nini, na huenda asihitaji nyumba yako: maombi ya Chevening kwa kawaida hufunguliwa kila Agosti.