Vidume Wamehama Nyumbani

Mwenzenu huku Makwale nipo, nadunda, japo kwa mbinde. Mvua za Kyela si unazijua tena, zikianza zinasahau kuacha. Matope yamefika hadi sebuleni, na mengi yameletwa na miguu sita ambayo wenyewe nawajua kwa majina.

Kwa wasomaji wapya, mimi ni mwalimu wa sekondari. Nimezaliwa Tanga, kwenye nyumba ya wasichana wanne na baba mmoja ambaye alikuwa akibisha hodi kwenye bafu lake mwenyewe. Nikaolewa na Mnyakyusa, Mungu akatujalia wavulana watatu. Kwenye safu hii nawaita Mkubwa, Wa Kati na Mdogo, kwa sababu siku wakikua wakajisoma humu sitaki kesi. Mkubwa ana miaka 10, Wa Kati 7, Mdogo 4. Mtaani jina langu limeshapotea kabisa, mimi ni Mama Vidume. Hata muuza usipa ananiita hivyo, tena kwa sauti.

Nikiwa na wadogo zangu kule Tanga, tulikuwa tukigombana siku nzima kuhusu kitana. Hawa wangu hawagombani kuhusu kitu, wanagombania kitu: nani arushe jiwe mbali, nani akae kwenye kigoda kilichovunjika, nani amekojoa akafika kwenye mgomba. Siku moja Mdogo alilia saa nzima, nikadhani ameumwa na nge. Kumbe kaka zake wamekataa kumpiga kama wanavyopigana wao. Alitaka na yeye ahesabiwe.

Na adabu? Adabu ipo, ila inakuja kwa njia zake. Bibi yao amemfundisha Mdogo kusalimia kwa lugha ya nyumbani. Sasa mtu mmoja mnayelingana unamwambia "ugonile", lakini mkubwa anastahili "mugonile", ya heshima. Mdogo ameshika ile ya kwanza tu. Mkuu wetu wa shule alipopita nyumbani amevaa suti, mwanangu akamtazama juu hadi chini, akampa mkono: "Ugonile!" Kama wamesoma darasa moja. Mkuu akacheka, namshukuru Mungu.

Lakini kilichonimaliza ni kakao ya bibi. Kwa walioko mbali, sehemu kubwa ya kakao ya nchi hii inatoka hapa Kyela, na huku kila nyumba yenye miti michache inaihesabu kama akiba ya benki. Ukipasua tunda, mbegu zake zimevikwa utando mweupe, mtamu, unateleza kama kamasi (samahani kama unakula). Mbegu hizo unazirundika pamoja na utamu wake, unazifunika kwa majani ya migomba siku tano, sita hivi, zinachachuka, zinapata joto, ndipo unazianika juani. Ule utamu ndio unaofanya kazi yote ya kuchachua. Bila huo, huna kakao ya maana.

Basi, siku hiyo bibi amepasua matunda yake, mbegu zimejaa beseni. Akaingia ndani kutafuta majani ya kufunikia, akakutana na mgeni, wakasalimiana. Na salamu za Kinyakyusa si za kuitikia ukipita, mnaanzia kwa ng'ombe mnamalizia kwa marehemu. Aliporudi akakuta vidume wangu na wenzao watatu wamekaa duara kuzunguka beseni, mashavu yamevimba. Mbegu zote zimo, hakuna hata moja iliyopotea, zinang'aa kama zimepigwa brashi. Wa Kati akasimama, akasema kwa fahari, "Bibi, tumekuoshea."

Mama mkwe wangu ni mtu wa maneno machache. Aliokota mbegu moja, akaigeuza, akairudisha. "Hizi sasa ni kokoto," akasema. Kesho yake alfajiri kikosi kizima kilikuwa kwenye mpunga wake kinaamia ndege, na walikaa huko hadi wikiendi ilipokwisha. Mkubwa alirudi sauti imekauka, anaongea kama mtangazaji wa mpira.

Hayo ni ya mchana. Sasa tuje kwenye ya usiku, maana gazeti hili ni la wapenzi na najua wengi mmelifungulia hapo.

Nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma na bati, nzuri tu, lakini silingi bodi bado. Ukuta kati ya chumba chetu na cha watoto unaishia njiani, haufiki juu. Kila neno linapanda, linagonga bati, linashukia upande wa pili likiwa zima. Kwa hiyo mimi na mume wangu tumekuwa wataalamu wa kunong'ona. Tunanong'ona ada, tunanong'ona deni la duka, tunanong'ona hata umbea wa ukoo wake. Usiku mmoja, mvua imepiga kelele vizuri juu ya bati, tukajua leo ni leo. Mzee kaniambia kitu sikioni, nikacheka. Mvua nayo, kwa roho mbaya, ikakatika hapo hapo. Kutoka upande wa pili ikaja sauti ya Wa Kati, tulivu kabisa: "Mama, baba amesema nini? Rudia na sisi tucheke."

Jamani. Tulilala kama magogo hadi asubuhi.

Ndiyo maana Mkubwa alipokuja na habari yake, nyumba iligawanyika. Alikuja jioni na wenzake wanne, wote wa rika lake, wamebeba mianzi. Akasimama mlangoni kama mjumbe wa nyumba kumi. "Mama, tunajenga geto. Tutakuwa tunalala huko."

Geto! Mtoto wa darasa la tano! Nikasema hapana kabla hajafunga mdomo. Baba yao, aliyekuwa anakunywa chai, akasema, "Wajenge." Tukatazamana. Wanandoa mnaosoma hapa mnalijua lile tazamano, lenye hotuba nzima ndani yake.

Mama mkwe ndiye aliyevunja ukimya. "Kwani miaka kumi si ndiyo yenyewe?" Akaanza kutusimulia yale aliyoyasikia kwa wazee wake.

Mimi nafundisha historia, kwa hiyo habari hizo nilizijua, ila nilizijua za kwenye kitabu, hazijawahi kunisimamia mlangoni na mianzi. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, wa Afrika Kusini, alifanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1934 na 1938. Mwaka 1951 akatoa kitabu kizima kuhusu jambo hili, Good Company. Anaeleza kwamba mvulana wa Kinyakyusa alikuwa akichunga ng'ombe wa baba yake tangu mdogo. Akifika miaka kumi, kumi na moja hivi, alihama. Haendi bwenini wala kwa mjomba, anakwenda kulala na wavulana wa rika lake kwenye vibanda walivyojenga wenyewe, pembeni mwa kijiji cha baba zao. Wadogo zao walikuwa wakijiunga nao kadiri wanavyofikisha umri, hadi wakubwa waseme basi, tumejaa, wanaofuata waanze chao. Baadaye walioa wakaleta wake zao pale pale, wakazeeka pamoja. Kijiji kizima watu wa umri mmoja! Neno analolirudia ni ukwangala, ile raha ya kukaa na wenzako mkala, mkanywa, mkapiga soga.

Na sababu yake? Hapo ndipo nilipomtazama mume wangu naye akatazama bati. Wazee walimweleza Bi Wilson kuwa ni suala la heshima: si vizuri kijana anayekua akajua mambo ya usiku ya wazazi wake. Yaani hawa watu tatizo letu la silingi bodi walishalitatua zamani sana, tena bila kununua mbao.

Sitaki kuwapamba wazee kupita kiasi. Katika mpango huo mabinti hawakuwa na kijiji chao, walibaki nyumbani hadi waolewe, na ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa baba, kwa hiyo kijana aliweza kulala na rafiki zake miaka na miaka akisubiri zamu yake ya kuoa. Halafu dunia ikabadilika. Wanaume wakaenda kutafuta fedha migodini, wengine kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, ardhi ya kuanzishia vijiji vipya ikawa finyu, shule zikaja na ratiba zake. Vijiji vile vikaisha. Wavulana wakarudi chini ya bati moja na sisi.

Mjadala wetu uliendelea siku nne, kwa kunong'ona. Baba watoto akasema namlea Mkubwa kama yai. Nikamwambia yai sikulitaga peke yangu. Akasema mwanamume anatakiwa ajifunze kuishi na wenzake angali mdogo, yeye na ndugu zake walilala sita kwenye jiko la bibi yao na wote wana kazi. Nikamwambia mimi siogopi kibanda, naogopa maji. Hii ndiyo hofu yangu ya kweli tangu nihamie huku, na sina utani nayo. Mito yetu inashuka kutoka milimani. Unaweza kuwa umeanika nguo, jua linawaka, kumbe juu imenyesha, na mto unajaa wakati watoto wako katikati wanaogelea. Ukikaribia ziwa kuna mamba. Wavulana watano wakiamka saa kumi na moja bila mtu mzima karibu, mmoja atasema twendeni mtoni, na hakuna atakayetaka kuwa wa kwanza kusema anaogopa. Nimefundisha wavulana miaka kumi na mbili, hilo nalijua kuliko jina langu.

Hapo akanyamaza. Kesho yake jioni akamwita Mkubwa, akakaa naye chini ya mwembe muda mrefu. Sikuitwa. Nilipika huku nikitega sikio, na kwa mara ya kwanza nikatamani pangekuwa na bati hapo nje.

Walirudi na masharti, na yalikuwa mazuri kuliko yangu. Kibanda kijengwe nyuma ya jiko, nionapo mlango wake nikifungua dirisha. Ijumaa na Jumamosi tu. Mtoni haendi mtu bila mkubwa, na atakayekwenda si yeye tu, kibanda chote kinabomolewa. Hilo la mwisho alilitoa Mkubwa mwenyewe. "Wenzangu wakijua hivyo watashikana," alisema. Nikageuka nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Basi Ijumaa ikafika. Kibanda kimeinama kidogo upande wa mashariki, kama kinachungulia Milima ya Livingstone, lakini kimesimama. Wakatandika mikeka. Wa Kati, ambaye hakualikwa, alijibandika hadi wakampokea kwa sharti la kuteka maji. Mimi na mzee tukala mapema mbalaga zetu, tukazima taa, tukaongea kwa sauti ya kawaida ya binadamu. Utamu ulioje! Nilimsimulia umbea wa wiki nzima bila kunong'ona hata neno moja. Nikavaa ile khanga yangu ya maneno matamu.

Mlango ukafunguka. Mdogo, na mto wake kwapani.

"Chumba kiko peke yake," akasema.

Akapanda kitandani, akajilaza katikati yetu kwa mapana, mguu mmoja tumboni kwangu, mwingine kwenye mbavu za baba yake. Usiku kucha maswali. Popo analala saa ngapi? Kaka zangu wanaongea nini? Samaki anakojoa wapi? Mume wangu aliangalia dari ambayo hatuna. Saa saba nilikwenda dirishani nikasikia vicheko kule kibandani, saa tisa nikaenda tena, kimya, nikabaki nimesimama hadi mmoja alipokohoa.

Asubuhi walikuja wote sita, kufuata uji. Wakala, wakashukuru, "ndaga, mama", wakaondoka. Nusu saa baadaye jirani yangu akaniita dirishani: vidume wako wako hapa, wanakula viazi. Kutoka hapo wakaenda nyumba ya tatu, wakakuta wali wa jana. Sikuwa nimewafundisha hilo, wala baba yao. Bi Wilson ameliandika: wavulana wale walilala kwao, lakini kula walizunguka kwa mama zao, kundi zima, leo kwako kesho kwangu. Kufika saa nne akina mama watano tulikuwa tumesimama njiani tunapiga hesabu ya vikombe vya mchele. Mimi wiki hiyo hiyo nilishuka Ipinda sokoni nikanunua sufuria kubwa, ile ya misibani.

Jumamosi jioni Mdogo alikaa kizingitini akiwatazama kaka zake wakiingia kibandani. "Na mimi nitahama lini?"

"Kesho," akasema baba yake.

"Ukifika miaka kumi," nikasema mimi.

Akahesabu vidole vyake, akaanza upya, akakata tamaa. Kisha akainuka, akachukua mto wake, akaelekea chumbani kwetu.

"Nikipata usingizi kabla yenu," akasema, "msinisogeze."