Nishani Isiyo na Jina

BARAZANI CHUMBAGENI
Na Salim Mwinjuma

Nyota ya Burma ina pembe sita, ni ya shaba, na haina jina la mtu. Hilo la mwisho ndilo linalowatesa warithi. Nishani za Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walizichonga ubavuni namba, cheo, jina na kikosi cha askari. Za Vita vya Pili walizitoa tupu. Kwa hiyo mjukuu wa Chumbageni, hapa Tanga, anayeikuta nyota hiyo ndani ya mkebe wa biskuti wa marehemu babu yake ana kipande cha shaba mkononi, basi. Jina la babu, kama lipo, limo kwenye karatasi.

Na kuna mjukuu mwenzake, huenda ni wengi zaidi, ambaye mkebe hana. Ana hadithi tu: babu alikwenda Bama, yaani Burma, akarudi na koti la jeshi na kikohozi, nishani hazikufika. Huyu akitaka daftari la jeshi lisahihishwe, safari yake huanzia ofisi ya serikali ya mtaa kwa barua ya utambulisho, ikapitia kwa mtendaji wa kata, ikafika Mahakama ya Mwanzo kwa habari ya mirathi, kisha ikaelekea Uingereza, ambako Wizara ya Ulinzi ina ofisi maalumu ya nishani. Huko huulizwa mambo mawili mepesi: namba ya jeshi ya marehemu, na jina kamili kama lilivyoandikwa siku ya kujiunga.

Hapo ndipo shughuli huishia.

Wazee wa pwani hawakuliita jeshi lile la Mwingereza King's African Rifles. Waliliita Keya. Tanganyika peke yake ilitoa watu zaidi ya 80,000 katika vita vya 1939 hadi 1945, wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska na misitu ya Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw katika masika ya huko, ikafungua njia hadi mto Chindwin mwishoni mwa 1944. Faili za maofisa Waingereza wa Keya zinatafutika London. Za askari wa Kiafrika kwa kawaida zilibaki upande huu wa bahari, mikononi mwa serikali za makoloni, na serikali hizo zilipofunga virago hazikumwachia kila mtu nakala ya maisha yake.

Tazama ofisi zenyewe zilivyopokezana. Desemba 1961 batalioni za Keya za Tanganyika ziligeuzwa kuwa Tanganyika Rifles. Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa kambi ya Colito nje ya Dar es Salaam wakaasi, na siku tano baadaye makomando wa Kiingereza wakaitwa kuwanyang'anya silaha. Jeshi lile likavunjwa. Septemba 1 mwaka huohuo likazaliwa JWTZ, jeshi jipya kwa makusudi, lisilotaka kurithi mambo ya mkoloni. Kisiasa ulikuwa uamuzi wa busara. Kwa mzee aliyeachishwa jeshi mwaka 1946 na anayedai nishani yake, maana yake ni kwamba ofisi iliyomwandika imekufa, iliyoirithi imevunjwa, na iliyopo haikuwahi kumwajiri.

Jina la kambi yenyewe, ambayo leo ni Lugalo, lina kisa chake. Colito ni mahali Uhabeshi. Mei 19, 1941, Sajini Nigel Leakey wa Batalioni ya 1/6 ya Keya, batalioni ya Tanganyika, alirukia kifaru cha Waitalia, akakifungua na kuwapiga risasi waliokuwa ndani isipokuwa dereva, akakimbilia kingine, akauawa. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani kubwa kuliko zote za Uingereza, lakini tangazo lilitoka Novemba 15, 1945, miaka minne na nusu baada ya kifo chake. Leakey alikuwa Mzungu wa Kenya, wa ukoo ule maarufu wa wachimbua mifupa ya kale, mwenye maofisa wa kumshuhudia kwa maandishi. Kama daftari la mtu wa namna hiyo lilichukua muda wote huo kunyooka, la koplo wa kutoka Pangani au Mkinga nani alilishikia kalamu? Katika vita ile hakuna askari Mwafrika wa Keya aliyepata Msalaba huo. Mtu anaweza kuamini kwamba hakuna aliyestahili. Safu hii haiamini.

Kisha kuna suala la majina, na hili watu wa Tanga wanalijua kuliko karani yeyote wa London. Karani wa kuandikisha aliandika alivyosikia. Hamisi akawa Amisi, Mwinyi akawa jina la kwanza, jina la baba likageuzwa la ukoo, na mahali pa kuzaliwa pakaandikwa jina la jumbe. Akina Juma bin Hamisi walikuwa wengi kikosini kuliko mabuyu ya Raskazone. Wengine walijiandikisha kwa majina ya uongo, ama kwa kuikimbia kodi ama kwa kumkimbia mjomba. Leo mjukuu mwenye kitambulisho cha NIDA kisichofanana hata na cheti chake cha shule anaambiwa athibitishe kwamba jina lile ni la babu yake.

Tanga ina fundo jingine. Mwezi Novemba 1914, jeshi la Uingereza la watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, lilishuka Raskazone likitarajia kuuchukua mji kwa siku moja. Askari wa Kijerumani, wengi wao Waafrika, hawakuzidi sana 1,000. Nyuki wakaingia vitani bila kuandikishwa na upande wowote, na Waingereza wakarudi merikebuni. Waja leo waondoka leo, kweli kabisa. Ushindi ule waliupigania Waafrika waliovaa sare ya Kaiser. Mwaka 1917 Waingereza walipoiunda Batalioni ya 6 ya Keya, waliijaza kwa kiasi kikubwa askari haohao waliotekwa kutoka kwa Wajerumani. Mtu mmoja, vita moja, majeshi mawili, namba mbili, na pengine majina mawili. Faili gani basi ndiyo yake?

Wajerumani wenyewe waliwahi kukumbana na swali hilo. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa malimbikizo askari waliobaki hai. Husimuliwa kwamba ofisa wa malipo alipofika Mwanza alikuta wazee wapatao 350, na wachache tu wakiwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Akafanya jambo ambalo ofisi nyingi za leo zisingethubutu: kila mzee alipewa ufagio, akaamrishwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Hakuna aliyekosea. Baada ya karibu nusu karne, mabega na mikono iliikumbuka amri ambayo karatasi haikuihifadhi. Huenda kisa hicho kimetiwa chumvi kidogo mdomoni mwa wasimulizi, lakini kilichomo ni kizito: ofisi ilikiri kwamba ushahidi unaweza kukaa kwingine mbali na kabati lake.

Marekani walikiri hivyo kwa kulazimishwa na moto. Julai 12, 1973, jengo la kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis liliwaka, na faili kati ya milioni 16 na 18 zikateketea. Nakala hazikuwepo. Asilimia 80 ya faili za askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya 1912 na 1960 zilikwenda na moto huo. Hawakuwaambia wastaafu wao warudi kesho. Waliajiri watu wa kuunganisha maisha ya askari kutoka kwenye hati za mishahara, vitabu vya kulazwa hospitali na taarifa za kila asubuhi za vikosi. Juu ya hilo ipo bodi ya kusahihisha kumbukumbu za jeshi, ambako mstaafu au mrithi wake hujaza fomu moja akiomba nishani iliyoachwa iandikwe. Muda rasmi ni miaka mitatu tangu kosa kugunduliwa, lakini bodi ina ruhusa ya kuusamehe haki ikidai hivyo. Na haki hudai: Januari 13, 1997, Rais Clinton alitoa Nishani ya Heshima kwa wanajeshi saba Weusi wa Vita vya Pili walionyimwa kwa ajili ya rangi yao. Aliyekuwa hai siku hiyo alikuwa mmoja, Vernon Baker.

Uingereza imesogea nusu ya njia. Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000 wa Vita vya Kwanza, pengine hata 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wakiwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi akaomba radhi bungeni. Tangu hapo karatasi za Keya zilizodhaniwa zimeteketea zimeonekana kwenye nyaraka za jeshi huko Kenya, na majina yameanza kuokolewa. Ni jambo la kushukuru. Lakini msamaha ule ni wa wafu wa vita ya kwanza. Kwa walio hai wa vita ya pili, mwaka 2019 ilifichuliwa kwamba kiinua mgongo cha askari Mzungu kilifika hadi mara tatu ya cha Mwafrika wa cheo kilekile, na jibu halikwenda mbali zaidi ya maneno ya heshima.

Wapo watakaosema mlango ukilegezwa wataingia matapeli. Wataingia, wachache. Kwani waliovaa nishani wasizostahili wamepungukiwa lini? Tapeli hukamatwa kwa kuulizwa jina la kamanda, mto aliovuka, chakula walichopewa, na si kwa kudaiwa risiti ya mwaka 1943. Aliyepoteza daftari ndiye wa kulitafuta. Mzigo wa ushahidi ukiachwa kichwani mwa kikongwe aliyepita miaka 90 na mjukuu wake asiye na nauli ya Dodoma, hiyo ni njia ya adabu ya kukataa.

Na jambo hili Tanzania haiwezi kulisukumia London moja kwa moja. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera, na kufikia Aprili 11, 1979, Kampala ilikuwa imeanguka. Waliokwenda si JWTZ peke yao. Walikuwamo polisi, magereza, vijana wa JKT na maelfu ya mgambo kutoka mikoani, watu waliotoka kwenye mikonge na bandari, wakafundishwa haraka, wakapigana, wakarudishwa makwao. Vita ya haraka huandikwa haraka. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, mkuki na ngao vikiwekwa mnarani, yupo mgambo anayetazama runinga akijua alikuwa huko, na hana kifuani wala daftarini chochote cha kumshuhudia.

Wizara yetu ya Ulinzi ingeweza kuanza na jambo dogo: dawati moja kila mkoa, mstaafu mmoja wa jeshi anayejua vikosi na makamanda wa wakati ule, fomu ya Kiswahili, na ruhusa ya kupokea ushahidi wa wenzake wawili waliopigana pamoja mahali pa cheti kilichopotea. La Tanga lingeweza kukaa hata uani kwenye boma la zamani la Mjerumani.

Wakati dawati hilo likisubiriwa, wenye mikebe ya biskuti wasiipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nishani ya vita ya kwanza igeuzwe ubavu, namba inakiliwe. Na mwenye mzee wa Kagera nyumbani amkalie jioni hii hii, simu ikirekodi: kikosi gani, kamanda nani, mlivuka mto Kagera wapi, nani alikuwa kulia kwako.